Sifuri ya Mama Shaza

Mjambere, Kisauni
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mwanangu Shaza,

Asalaam alaykum. U hali gani huko Muscat, na lile joto limepungua? Sisi hatujambo. Babako kikohozi kimemwacha, amerudi bandarini Kipevu kwa makontena yake, na jana alikula samaki wa kupaka hata akalegeza kikoi. Umesema zile sauti zangu za simu huwezi kuzisikiliza wodini mbele ya wagonjwa, basi nitakuwa nakuandikia. Na mimi nikianza kuandika wanijua, siachi upesi.

Basi nimeingia chuo. Nimeingia, Shaza! Mamako na miaka yangu arubaini na saba nimekaa kiti cha mbele kabisa, maana nyuma sioni ubao. Siku ya kwanza nilipopita mlangoni darasa zima lilisimama, walidhani ni mwalimu. Nikawaambia, "Kaeni wanangu, mimi pia nimekuja kusoma." Wakacheka, lakini si kwa ubaya.

Wajua miaka yote hii nimewafundisha sayansi watoto wa msingi hapa Mjambere bila cheti. Mwalimu mkuu mpya alipokuja akasema asiye na cheti akatafute cheti. Wenzangu walinuna. Mimi nikasema alhamdulillahi, nimepata sababu. Ni diploma ya ualimu, na somo nililochagua ni fizikia. Jirani yetu Judy aliniuliza, "Fizikia ya nini na umri huu, Mama Shaza?" Nikamwambia ya kufundisha sekondari, na nyingine ya kwangu mwenyewe.

Sasa nikueleze somo lilivyopangwa, maana najua utauliza. Mwalimu wetu ni Dokta Changawa, mtu wa Kaloleni, mrefu, hasemi sana. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alitugawia karatasi akasema, "Huu ni mkataba wetu. Mimi nitaufuata, na nyinyi mtaufuata." Jumatatu na Jumatano yeye hufundisha na sisi huandika. Alhamisi alasiri ni maabara, watu watatu watatu, na ripoti ni moja kwa kundi zima, mkipata mmepata, mkikosa mmekosa. Ijumaa ni hesabu, siku hiyo hafundishi, azunguka tu kati ya meza akiuliza, "Kwa nini?" Ukimjibu, auliza tena, "Kwa nini?" Kuna kijana alitaka kulia.

Ama alama, maabara ina ishirini, mazoezi ya kila wiki kumi, majaribio mawili ya darasani, wao huyaita CAT, kumi na tano kila moja, na mtihani wa mwisho arubaini. Ukifika arubaini kwa jumla umepita. Lakini anayetaka kuendelea na fizikia kuwa somo lake la kufundisha ni lazima afike sitini. Chini ya hapo atafutiwa somo jingine.

Kijana mmoja akauliza, "Daktari, A huwa unatoa ngapi?" Akajibu, "Kwa wote, mkiweza. Hapa hampimwi mmoja kwa mwenzake. Mnapimwa kwa fizikia."

Wallahi neno hilo lilinikaa. Nimerudi nyumbani nikilirudia njia nzima.

Nisalimie wenzako wote wa wodini.

Ni mimi mamako.


Muscat
Jumatano, 11 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, joto ni lile lile ila tumelizoea. Baba mpe pole ya kikohozi, na mwambie kikoi akifunge vizuri.

Barua yako nimeisoma mapumzikoni mara mbili, kisha nikamsomea mwenzangu Roseline, mtu wa Taita, tukacheka hapo pa darasa kusimama. Lakini mama, niseme kweli? Niliposoma kwamba umekaa kiti cha mbele, nilijifuta macho. Mimi fizikia niliikimbia kidato cha pili, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinifanyia hesabu zake usiku jikoni. Nilidhani kila mama ajua.

Usijichoshe tu. Unga ukande siku za mapumziko, na baba naye ajipikie chai, mikono anayo. Hao watu wawili wa kundi lako ni kina nani?

Mwanao akupendaye,
Shaza


Mjambere
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Shaza mwanangu,

Salaam nyingi. Marahaba, Mungu akuweke. Sisi wazima, na babako sasa apika chai mwenyewe na aisifu kuliko yangu.

Wanakundi wangu ni Gedion na Nduku, wote watu wa bara, wa Makueni, lakini hawakujuana kabla. Gedion aniita "mathe", ndiyo mama kwa lugha yao ya vijana, na Kiswahili chake chanipita mbio, mpaka nimwambie, "Shuka pole pole mwanangu, hapa ni pwani." Ni mwerevu, ila ana haraka. Nduku ni mtulivu, mwandiko wake kama chapa, kwa hivyo ripoti ni yeye. Amepanga chumba hapa hapa Mjambere, nyuma ya duka la Boga.

Alhamisi tulifunga kipande cha chuma kwa uzi, tukakiachia kibembee, tukahesabu ili tujue dunia yavuta vitu kwa nguvu gani. Kitabu chasema tisa nukta nane. Sisi tulipata tisa nukta moja. Gedion akasema, "Mathe, si tuandike tu tisa nukta nane? Kwani ataenda kupima?" Nikamwambia, "Yeye hatapima, lakini sisi tumepima." Tukarudia. Tukagundua tulikuwa twapima urefu wa uzi peke yake, mwisho wake ukiwa ni fundo, na chuma chenyewe hatukukitia. Tukaandika yote, kosa na namna tulivyolipata. Dokta Changawa alitupa kumi na nane juu ya ishirini, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ndiyo fizikia." Gedion akaipiga picha ile karatasi.

Lakini sikufichi, CAT ya kwanza ilinipiga. Saba juu ya kumi na tano. Si kwamba sikujua, Shaza. Ile saa ukutani yanitoa akili. Najibu la tatu ilhali bado nawaza la kwanza. Nilimwendea daktari, akaniambia, "Mama Shaza, maabara na mazoezi uko juu. CAT ya pili ukipata kumi tu, mwisho wa muhula hutakuwa na hofu." Kwa hivyo macho yangu yote yako kwa CAT ya pili. Babako hunikalia kila jioni na saa ya mkononi, kama refa. Nikimaliza hesabu mapema, apiga makofi mpaka majirani wachungulia.

Na jambo jingine, hili la siri. Nduku ni mjamzito. Alijifunga leso vizuri, hatukujua, mpaka alipoinua chuma kile na mimi nikamwona kwa upande. Mwenye mimba yuko Nairobi, asema atakuja, haji. Kwao hawajui. Sasa yuwaingia mwezi wa saba, miguu imevimba, na aogopa akisema ataondolewa chuoni. Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Nimwambie nini?

Ni mamako,
mwenye saba juu ya kumi na tano


Muscat
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mu wazima nyote. Mimi niko salama.

Saba si haba. Mtu aliyetoka darasani kabla sijazaliwa akarudi na kupata saba, huyo ana alama nyingine kumi njiani. Nawaambia watu hapa mamangu asoma fizikia, na wale wasioamini nawaonyesha ile picha yako na koti jeupe la maabara. Nimeiweka kwenye simu, ndiyo ya kwanza ukiifungua.

Sasa kuhusu Nduku, nisikilize vizuri. Mpeleke kliniki wiki hii hii, apimwe presha na mkojo. Chuo hakiwezi kumwondoa kwa sababu ya mimba. Na ukimwona aumwa na kichwa kisichotulia, au asema macho yaona vimulimuli, au tumbo lamkata hapa juu chini ya mbavu, basi mama usimpe dawa ya kichwa na usimwambie alale kidogo. Usingoje hata chai ichemke. Hospitali. Kifafa cha mimba hakina subira, nimeona kwa macho yangu.

Nakuombea CAT ya pili.

Mwanao,
Shaza


Mjambere
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mwanangu Shaza,

Asalaam alaykum. Wiki tano sikukuandikia, najua umekaa roho juu. Babako alikwambia mambo mafupi mafupi, mimi sasa nikwambie yote. Kwanza, sisi wazima. Na Nduku yu hai.

CAT ya pili ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, asubuhi. Nilikuwa tayari, Shaza. Wallahi nilikuwa tayari kama kisu. Kliniki Nduku alikwenda mara moja tu. Mara ya pili aliambiwa arudi akapimwe, hakurudi, asema alikuwa na mazoezi ya kumaliza. Asubuhi hiyo tulisimama sote watatu nje ya ukumbi. Nikamwona ameegemea ukuta, mkono kwenye paji la uso.

"Una nini?"

"Kichwa tu, mama. Kutoka jana."

"Macho je?"

Akayafumba kidogo. Kisha akasema, "Kuna vitu vinawaka waka."

Shaza, nilisikia sauti yako kana kwamba umesimama nyuma yangu. Gedion akaweka kalamu mfukoni, akasema, "Tumpeleke, mathe." Nikamwambia, "Wewe ingia. Mmoja wetu aingie." Dokta Changawa alikuwa mlangoni, wanafunzi washakaa. Akaniita, "Mama Shaza, nafunga mlango. Nikifunga sifungui."

Nikamwambia, "Funga, daktari."

Akatutazama, mimi na yule mtoto niliyemkumbatia. Akamwita mlinzi atuitie tuktuk. Kisha akafunga mlango.

Njiani Nduku alianza kunirudishia maneno, nikimuuliza jina lake anijibu, "Jina lako." Hospitali walimpima presha, nesi akakimbia kumwita daktari. Walimpasua adhuhuri hiyo hiyo. Msichana, mdogo hata nilidhani ni mkono wa mtu uliofungwa kitambaa. Waliniambia nitie saini kama jamaa, nikatia. Daktari alikuja kuniambia baadaye, "Mama, mngechelewa mpaka jioni, tungewapoteza wote wawili." Sasa mtoto yumo kwenye kile kijumba cha joto, aongeza uzito, na mamake anyonyesha. Mamake Nduku amefika kutoka Makueni, analala kwetu. Alilia, kisha akaosha vyombo vyote.

Haya, sasa upande wa chuo. Nilikwenda kwa Dokta Changawa siku ya tatu. Akasimama nilipoingia chumbani mwake, akanipa mkono. Akaitoa ile karatasi ya mkataba. Anayekosa CAT kwa ugonjwa wake mwenyewe, au msiba wa mtu wa nyumbani kwake, hupewa nyingine. Nduku atapewa mitihani yote Januari. Mimi sikuugua, na Nduku si wa nyumbani kwangu. Akasema, "Nimelipeleka kwa kamati mimi mwenyewe. Nimewasihi. Wamekataa, na nikisoma maneno yalivyoandikwa, siwezi kusema wamekosea. Nitaomba yabadilishwe kwa watakaokuja. Wewe hayatakufikia."

Kwa hivyo nina sifuri. Piga hesabu: maabara kumi na nane, mazoezi tisa, CAT saba, na sifuri. Thelathini na nne. Natakiwa kupata ishirini na sita juu ya arubaini kwenye mtihani wa mwisho, mimi ambaye saa ya ukutani yanitoa akili.

Gedion ameniambia ana mtu wa kuandika barua ya daktari kwamba siku hiyo nilikuwa naumwa mimi. "Hakuna mtu atauliza, mathe. Na wewe unastahili." Nimemwambia ale kwanza biriani yangu, nitamjibu.

Mamako


Muscat
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Alhamdulillahi kwa Nduku na mtoto. Nimewaeleza wenzangu wote, na nesi mkuu wetu amesema umefanya kazi ambayo sisi twasomea miaka.

Lakini hii sifuri siikubali. Mama, umeokoa watu wawili! Sheria gani hiyo? Nina rafiki tuliyesoma naye, sasa ni daktari hapo Mombasa. Nikimpigia leo, kesho una barua yenye muhuri wa kweli, si ya huyo mtu wa Gedion. Presha yako si huwa yapanda mara moja moja? Basi siku hiyo ilipanda, ni nani atakayekataa? Si uongo mkubwa. Mimi ndiye niliyekwambia usingoje, na mimi sitaki kuwa sababu ya wewe kukosa somo lako.

Nakuomba. Nijibu leo.

Shaza wako


Mjambere
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Shaza,

Salaam. Sote wazima.

Usimpigie huyo rafiki yako. Siku hiyo presha yangu ilikuwa nzuri, nesi alinipima nikimngoja Nduku. Mgonjwa alikuwa Nduku. Nikisema nilikuwa mimi, basi nimeichukua ile asubuhi nikaifanya kitu kingine, na mimi ile asubuhi naitaka kama ilivyokuwa.

Halafu mwanangu, nakwenda kuwafundisha watoto wa watu wasibadilishe tisa nukta moja kuwa tisa nukta nane. Nitawatazama vipi?

Gedion nilimjibu hivyo hivyo. Aliomba biriani nyingine.

Wewe si sababu ya mimi kukosa. Wewe ndiwe sababu yule mtoto yupo. Sasa niache nisome, kuna umeme na sumaku sijavielewa.

Mamako


Muscat
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mwezi mzima kimya. Baba asema umefanya mtihani wiki iliyopita, na ulirudi ukalala bila kula, na hutaki kuulizwa. Sikuulizi. Nataka tu ujue ile barua yako ya mwisho sikuweza kuijibu kwa sababu niliona haya, kisha haya ikageuka fahari. Hivi majuzi mama mmoja hapa wodini alinisifu kwa jambo dogo, nikajiona nainua kichwa, nikajua nimekitoa wapi kichwa hicho.

Hata ukipata ishirini na tano, mimi nitatembea Muscat nzima kifua mbele.

Mwanao,
Shaza


Mjambere
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwanangu wa pekee,

Asalaam alaykum wa rahmatullah. Kaa kitako kwanza. Umekaa?

Thelathini na moja. Juu ya arubaini, Shaza! Jumla sitini na tano, B, na fizikia ni yangu, hakuna wa kuniondoa!

Sikukuandikia kwa kuwa sikuwa na la kusema. Mtihani ule ulikuwa mrefu kama Ramadhani ya kiangazi. Nilipoingia, macho yalikwenda kwenye saa, akili ikaanza kutoka. Nikajiambia, Mwanabibi, wewe ulisimama nje ya chumba cha upasuaji adhuhuri nzima, hii saa yakutisha nini? Nikavua miwani ya mbali nikavaa ya karibu. Saa sikuiona tena, ila karatasi. Nikaandika. Lile swali la chuma kinachobembea lilikuja, nikalijibu mpaka fundo la uzi. La umeme nililiacha nusu. Nilirudi nikalala bila kula kwa sababu nilikuwa nimekwisha, si kwa sababu ya huzuni, lakini babako hakuamini, akakaa mlangoni kama askari.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Gedion ndiye aliyeyaona kwanza, akaninyanyua juu, Shaza, mbele ya watu, mimi na buibui langu! Yeye kapata A. Babako alipopata habari alifunga kazi mapema, akaja na halwa, akampa hata Boga wa dukani, na kila aliyepita akaambiwa, "Mke wangu ni mtu wa fizikia." Judy aliniomba nimfundishe mwanawe. Nikamwambia alete daftari.

Watu wameniuliza kama ile CAT yanikereketa. Ningeifanya pengine ningepata A kama Gedion. Huenda. Lakini nazijua alama zangu zilikokwenda. Juzi zilikuwa zimelala kifuani pa babako, zimenenepa, zapiga chafya. Maana Nduku alikuwa akifanya mitihani yake ya Januari, na mamake karudi Makueni, basi babako aliomba ruhusa Kipevu akatembea na mtoto barazani mwa chuo asubuhi nzima, huku akimwimbia. Wasichana wa mwaka wa kwanza walimpiga picha. Nduku alitoka akicheka, asema maswali yote aliyajua.

Sasa la mwisho. Dokta Changawa ameniita nimsaidie maabara siku za Alhamisi, wanafunzi wapya wakija, niwaonyeshe vyombo na kupima. Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza. Niliingia na koti jeupe, darasa likasimama. Safari hii sikuwaambia wakae mpaka nilipofika mbele.

Daktari akawagawia ule mkataba, akawasomea alama: maabara ngapi, CAT ngapi, mtihani ngapi. Yale maneno ya ugonjwa na msiba bado ni yale yale, ombi lake halijapita, asema ataliomba tena. Msichana mmoja wa Likoni, mdogo mdogo, akainua mkono. "Na mtu akikosa CAT kwa sababu alikuwa amsaidia mwenzake?"

Daktari akakunja karatasi. Akasema, "Hilo atawajibu Mwalimu Mwanabibi."

Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita mwalimu mbele ya watu, Shaza. Nikashika meza.

"Atapata sifuri," nikasema.

Wakanung'unika. Yule msichana hakukaa. "Halafu?"

"Halafu atasoma," nikamwambia. "Haya, njooni karibu, kila kundi lichukue uzi wake."

Ni mimi mamako,
Mwalimu Mwanabibi